Vituo vya Safari

Wapendwa katika Bwana, juma hili naomba tusome Hesabu 33, sura ambayo wengi wetu huiruka. Haina muujiza unaosimuliwa kwa kirefu wala wimbo. Ni orodha ya mahali Waisraeli walipopiga kambi tangu Ramesesi hadi nchi tambarare za Moabu. Baadhi ya vituo hivyo, kama Risa na Harada, havitajwi tena popote katika Maandiko, wala hatuambiwi lolote lililotendeka huko. Hata hivyo Musa aliviandika vyote, na aya ya 2 yasema alifanya hivyo kwa amri ya Bwana.

Nilianza kuipenda sura hii Oktoba moja, nilipotembea kwa siku 7 na ndugu wawili wa kanisa letu katika njia ya Appalachian, mashariki mwa Marekani. Njia hiyo, iliyopendekezwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika mwaka 1937, ina urefu wa takriban kilomita 3,500, kutoka Springer Mountain katika jimbo la Georgia hadi Katahdin katika jimbo la Maine. Wapo wanaoimaliza yote kwa safari moja ya miezi kadhaa. Sisi tulikuwa na likizo ya juma moja tu, tukachukua kipande cha kilomita 160 hivi katika hifadhi ya Shenandoah, jimboni Virginia, na nakiri kwamba siku za kwanza nilitembea kwa huzuni, kwa sababu kila nilipopiga hesabu niliona kwamba hata tukimaliza kipande chetu tutakuwa hatujafikia sehemu moja ya 20.

Jioni moja mvua ilitukimbiza hadi kwenye kibanda cha Bearfence Mountain, chenye kuta tatu za mawe na upande mmoja ulio wazi kuelekea msituni. Baada ya kutundika chakula chetu juu ya mlingoti wa chuma, dubu wasikifikie, nilichukua daftari lililowekwa humo kwa ajili ya wasafiri. Kingo zake zilikuwa zimevimba kwa unyevu, na penseli ilikuwa imefungwa kwa kamba. Kila ukurasa ulikuwa Hesabu 33 tupu: jina, tarehe, nimetoka kibanda fulani, naelekea kibanda fulani. Mzee mmoja alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa zilizotetemeka, kwamba huo ulikuwa mwaka wake wa 19 akiitembea njia kwa vipande, na kwamba siku hiyo alitembea maili 6. Hakuziombea radhi maili zake 6.

Nililala nikiwafikiria watu wa kwetu wanaoona aibu kwa udogo wa kipande walichopewa: mama anayemuuguza mzazi wake na kukosa ibada mwezi baada ya mwezi, mwalimu wa watoto aliyefundisha muhula mmoja kisha akahamishwa. Musa mwenyewe, aliyeandika orodha ile, aliionyeshwa nchi kutoka mlima Nebo na hakuvuka. Hata alama nyeupe tulizozifuata, zenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15, hupakwa kwenye miti na watu wa kujitolea ambao kila mmoja hutunza sehemu yake, na wengi wao hawataiona njia yote.

Siku ya 7 tulifika Rockfish Gap, ambapo njia inakutana na barabara kuu. Tulikuwa tunavua mabegi alipotokea dada mmoja aliyeanza safari Katahdin tangu Juni, na ambaye bado alikuwa na zaidi ya kilomita 1,300 mbele yake. Tulimpa shayiri yetu iliyobaki. Alituuliza tulikolala juma lile, tukaanza kuvitaja vibanda kimoja kimoja, naye akavitaja pamoja nasi, kwa kuwa alikuwa amelala humo humo.