Mkilipendezesha, Wataliona

Mzee wa mkaa hakuwa na nia mbaya. Nalijua hilo, na bado maneno yake yamenikaa rohoni tangu Jumanne.

Nilikuwa nimeinama pale kwenye kiwanja chetu cha mtaa hapa Nkuhungu, Dodoma, lile dampo la zamani nyuma ya mashine ya kusaga ambalo sisi majirani tunaligeuza bustani, nafunika miche ya chainizi kwa nyasi kavu. Akasimamisha baiskeli. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba. Kazi mnaiweza." Nilifurahi kweli, maana tangu tuanze kuzoa taka alikuwa akipita bila kugeuza shingo. Nikamwambia mchicha ukikomaa tutampelekea. Akatazama matuta, akatazama miarobaini tuliyoizungushia miiba mbuzi wasiifikie, kisha akasema taratibu:

"Ila mwanangu, mkilipendezesha hivi, wataliona."

"Akina nani, babu?"

"Wenye macho."

Akaisukuma baiskeli yake, akaenda zake.

Wenye macho! Nimelirudia nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, hata juzi kwenye kikao cha kumpokea mkuu mpya wa idara nilikuwa Nkuhungu kimawazo.

Kinachoniuma ni kwamba babu ana hoja. Mpango kabambe wa mji huu, ule wa mwaka 1976, uliacha nafasi kubwa za kijani katikati ya makazi. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa dhati mwaka 2016, ardhi ya Dodoma imepanda bei mpaka inatisha, na nafasi ambayo watoto walichezea mpira jioni unaweza kuikuta asubuhi ina vigingi. Cha kwetu hakuna aliyekitamani kwa sababu kilinuka. Ndivyo nilivyomwelewa babu: taka ndizo zilizokuwa mlinzi wetu.

Nalikataa wazo hilo kwa nguvu zangu zote. Mlinzi gani huyo anayewakata watoto miguu kwa chupa, na mvua ikinyesha anatuletea inzi mpaka kwenye sufuria? Hatuwezi kukaa na uvundo ili tusinyang'anywe. Lakini hasira hainipi usingizi, na usiku narudi palepale. Wataliona.

Jana jioni ndipo moyo ulipogeuka. Tulikutana kwa ajili ya kugawana zamu za maji, nikawasimulia. Mama wa vitumbua hakushtuka hata kidogo. "Basi tuwahi kuonwa sisi," akasema. "Twende ofisi ya mtaa, tuombe mkutano wa wakazi, iandikwe kwenye muhtasari kwamba hapa ni eneo la wazi na wanaolitunza ni sisi. Barua moja nakala ibaki kwao, nyingine ibaki kwangu." Barua si ukuta, najua. Ila anayekuja kuchomeka kigingi mahali ambapo mtaa mzima umeweka sahihi itabidi ajieleze mbele ya watu.

Baada ya hapo ukazuka ubishi mtamu. Kijana wa bodaboda anataka spinachi, eti inauzika. Dada yetu Mgogo akasema spinachi inataka maji ya kubembelezwa, mlenda hauhitaji hata kuombwa. Mimi niko upande wake. Kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Desemba mpaka Aprili, na zikifika milimita 600 tunashukuru. Ndiyo maana matuta tumeyazamisha badala ya kuyainua, maji yakiingia yasikimbie, na samadi ya mbuzi tumeichimbia chini kabisa mizizi iifuate huko. Tumekubaliana: mlenda upande wa barabarani, apitaye achume, spinachi karibu na mashine, kwa kuwa ndiko bomba liliko, siku ya mgao tusibebe madumu mbali.

Jumatatu tunakwenda ofisini. Nitampitia babu nimwombe aje naye, kwa sababu sahihi ya mtu aliyelijua eneo hili likiwa pori ina uzito wake.