Netibuku ya kikundi: nibaki na Windows 7, nipige Windows 10, au nihamie Linux?

Jumamosi ya tarehe 8 Novemba nilirudi kutoka steshenari na karatasi 28 zilizochapwa vizuri, na flashi iliyoingia virusi. Folda zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato, zile zenye kimshale pembeni. Nilibofya ya kwanza, netibuku ikanguruma dakika nzima bila kufungua kitu. Nikachomoa flashi, nikazima mashine, nikakaa kitandani nikiitazama. Ndani yake mna hesabu za akiba za watu 28, na mgao wa mwisho wa mwaka ulikuwa umebakiza wiki sita.

Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Kihonda, Morogoro. Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri uani kwa mama mwenyekiti, chini ya mwembe. Hisa ni shilingi 5,000, na mtu haruhusiwi kuzidisha hisa tano kwa wiki. Daftari kubwa lipo na kila mwanachama ana kitabu chake, lakini hesabu za riba, marejesho na faini zipo kwenye faili moja la Excel nililolijenga kidogo kidogo kwa miaka sita. Mtu akiniuliza "katibu, nimebakiza shilingi ngapi?" namjibu hapo hapo, mbele ya wenzake. Jambo hilo limetuepushia ugomvi mwingi.

Mashine yenyewe ni kompyuta ndogo ya mkononi, Samsung N150, aliyoinunua kaka yangu mwaka 2010 akiwa chuo. Prosesa ni Intel Atom N450 ya gigahezi 1.66, RAM gigabaiti 1, kioo cha inchi 10. Ilikuja na Windows 7 Starter, ile ambayo hata picha ya nyuma ya skrini huruhusiwi kubadilisha. Ina uzito wa kama kilo moja na robo, kwa hiyo huingia kwenye kikapu pamoja na daftari na mhuri. Chaja ni ya wati 40 tu. Betri nilibadilisha mwaka 2022, na kikao chote cha saa mbili kinaisha bado ina chaji. Uani kwa mwenyekiti hakuna soketi, kwa hiyo kwangu jambo hilo ni kubwa kuliko mwendo wa prosesa. Baadhi ya wanachama walisema tuchange tununue kompyuta mpya. Niliwaomba tusubiri. Fedha ya kikundi itumike pale tu ambapo iliyopo imeshindwa kazi, na mimi nilikuwa bado sijajua kama imeshindwa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa fundi mmoja karibu na stendi ya Msamvu. Aliigeuza akaitazama chini, akasema, "Dada, hii nikupigie Windows 10. Elfu ishirini tu, jioni unaichukua." Nilimshukuru, nikamwambia nitarudi. Nilikuwa na sababu.

Ya kwanza ni kalenda. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Hilo nilikuwa nalijua kwa miaka, na nililipuuza kwa kuwa netibuku haikuwa ikiingia intaneti sana. Chrome nayo iliishia toleo la 109 kwenye Windows 7, mwanzoni mwa mwaka 2023, na tangu hapo kila nikifungua barua pepe ya taarifa ya benki napata onyo. Lakini Windows 10 nayo ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, wiki tatu na nusu tu kabla ya flashi yangu kuingia virusi. Ulitolewa mwaka mmoja wa nyongeza kwa anayejiandikisha, basi. Ningelipa elfu ishirini nihame nyumba moja iliyofungwa niingie nyingine iliyofungwa juzi.

Ya pili ni uzoefu wa jirani yangu, mwalimu wa msingi. Alikuwa na netibuku ya ukubwa huu huu, na mwaka 2016, wakati Windows 10 inatolewa bure kwa wenye Windows 7, akahamia. Kwa karatasi ilistahili, maana kiwango cha chini cha toleo la biti 32, lile linalokubali hata prosesa za zamani, ni gigabaiti 1 ya RAM. Mashine iliwaka kweli. Lakini diski ilikaa asilimia 100 asubuhi hadi jioni, na kuandika ripoti ya darasa moja kulimchukua siku nzima. Gigabaiti moja ilitosha kuufikisha mfumo kwenye skrini, haikubaki nafasi ya kazi yake. Tena chipu ya picha iliyo ndani ya hizi Atom, GMA 3150, Intel hawakuitolea draiva, yaani programu ya kuiendesha, ya Windows 10. Windows 11 sikuifikiria hata dakika moja: inataka gigabaiti 4, na ubao wa mashine hii mwisho wake ni 2.

Sababu ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilipomuuliza fundi atafanyaje na mafaili, alisema, "Tutahamisha kwenye flashi." Flashi gani? Ile ile?

Basi nikaanza kutafuta habari za Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, usiku, kwa bando la simu. Na hapo nilikutana na jambo ambalo nadhani linawapotosha wengi wenye mashine kama hizi. Windows 7 yangu, ukiangalia sifa za kompyuta, inasema ni mfumo wa biti 32. Nikahitimisha kwamba mashine ni ya biti 32, na kila nilichosoma kilinikatisha tamaa: katika aina za Linux, Ubuntu waliacha biti 32 zamani, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Siku mbili nilikuwa nimekata shauri kwamba mlango umefungwa. Kisha nikatazama kibandiko cha prosesa, nikasoma maelezo yake kwa Intel: N450 ni ya biti 64. Windows 7 Starter ndiyo iliyokuwa ikitolewa kwa biti 32 peke yake, mashine iwe na uwezo gani. Mfumo ulikuwa ukijieleza wenyewe, mimi nikadhani unaieleza mashine. Ukiwa na netibuku ya 2008 au 2009 yenye Atom N270, hiyo kweli ni ya biti 32, na njia zako ni chache zaidi. Kwa hiyo soma jina la prosesa kwanza, kabla hujamlipa mtu.

Kwa kompyuta ya shemeji yangu niliandaa flashi mpya yenye Debian 13 ya moja kwa moja, ile unayoiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nilichagua yenye mwonekano wa LXDE kwa kuwa ni nyepesi na menyu yake iko chini kushoto, mahali mkono wangu umezoea. Nikaichomeka kwenye netibuku, nikabonyeza F2, nikaweka flashi iwe ya kwanza kuwaka, nikasubiri. Ilichukua dakika karibu nne. Kutoka kwenye flashi kila kitu huchelewa, usiihukumu kwa hilo. Lakini iliwaka, na waifai ikaonekana bila mimi kufanya lolote. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 wanaweka humo humo kwenye kisakinishi zile programu ndogo zisizo huria (firmware) zinazohitajiwa na vifaa kama waifai, jambo lililokuwa likisumbua sana watu zamani.

Nikachomeka ile flashi ya steshenari. Virusi vile ni vya Windows, kwa hiyo huku njia za mkato zilikuwa mafaili tu yasiyo na nguvu, na folda zangu halisi zilikuwa pale pale, zimefichwa kwenye folda isiyo na jina. Nilifurahi mno usiku ule, nikamwamsha mume wangu kumwonyesha.

Kisha likaja jaribio lenyewe. Nilifungua nakala ya faili la kikundi kwa LibreOffice Calc, programu ya bure ya kazi kama za Excel. Upana wa safu ulikuwa sawa, herufi zilikuwa tofauti kidogo, jumla za hisa zililingana hadi shilingi ya mwisho. Nilizilinganisha mwanachama mmoja mmoja na daftari, wote 28, kwa sababu jumla inaweza kulingana huku watu wawili wamebadilishana fedha. Ilikuwa sawa. Jumamosi ya tarehe 6 Desemba, baada ya kikao, nikaingiza marejesho ya siku hiyo kwenye ile nakala, na mwanachama mmoja aliyekopa Septemba akaonekana amelipa Juni, miezi mitatu kabla ya kukopa!

Ilinichukua nusu saa kuelewa. Nilikuwa nimeandika 06/12/2025, na Calc ilikuwa imewekwa kwa utaratibu wa Marekani, mwezi mbele na siku nyuma. Ikasoma tarehe 12 Juni. Tarehe za zamani zote zilikuwa salama, ila kila mpya ningeiandika ndani ya siku 12 za kwanza za mwezi ingegeuka, na fomula ya faini ingefuata. Dawa ni ndogo: kwenye mipangilio ya lugha nilichagua Kiswahili cha Tanzania, nikaandika upya, ikakaa. Lakini fikiria ningekuwa nimekwisha kuhama bila kujaribu, halafu Jumamosi moja nimsomee mama wa watu faini asiyostahili, mbele ya wenzake.

Hilo ndilo lililonifanya niamue mambo mawili kwa mpigo. Nitahama, kwa kuwa mfumo wenyewe umefaa. Na sitahama kabla ya mgao. Tarehe 20 Desemba kila mtu alipaswa kupokea hisa zake na faida, na wiki mbili kabla ya siku hiyo si wakati wa kubadilisha kitu kinachofanya kazi, hata kama ni kichakavu. Mpaka mgao netibuku haikuguswa na intaneti wala flashi ya nje. Karatasi nilichapia kwa mwalimu jirani, kwa waya, moja kwa moja kwenye printa yake.

Katikati ya Desemba kikundi kilipitisha shilingi 70,000, ikaandikwa kwenye muhtasari. Nilipanda treni ya SGR asubuhi hadi Dar, nikaenda Kariakoo. Diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, ya gigabaiti 120 nilipata kwa 55,000, na RAM ya gigabaiti 2 iliyotumika kwa 15,000. Kuwa makini hapa: N450 inachukua RAM ya aina ya DDR2, ila dada yake N455, anayefanana naye kwa kila kitu machoni, anachukua DDR3, na haziingiliani. Muuzaji wa kwanza alinipa DDR3 akisema zote ni moja. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikamrudishia.

Baada ya mgao nilimlipa fundi wa Msamvu, yule yule, afungue mashine abadilishe diski, maana kufika kwenye diski inabidi uvue mfuniko wote wa chini na sikutaka kuvunja klipu. Debian nilisakinisha mwenyewe nyumbani. Diski ya zamani sikumruhusu aifute. Ilitoka na Windows 7 yake na mafaili yake kama ilivyokuwa tarehe 20 Desemba jioni.

Sasa mashine inawaka kwa sekunde 50. Zamani nilikuwa nawasha, nakwenda kuchota maji, narudi. Ikiwa imetulia inatumia kama megabaiti 350 za RAM. Calc inafunguka kwa sekunde 12 hivi. Firefox inakwenda na kurasa mbili, ya tatu unaanza kusikia uzito, na video ni za kukatakata, atakayeitaka kwa video atafute mashine nyingine. Debian 13 itapata masasisho ya kawaida kwa miaka mitatu na mengine ya usalama kwa miwili zaidi, yaani hadi 2030. Sidhani betri itafika huko, ila betri najua pa kuipata.

Tarehe 10 Januari tulikaa kikao cha kwanza cha mzunguko mpya. Mhazini alisoma daftari, mimi nikasoma kwenye skrini, tukafuatana mstari kwa mstari kwa wanachama wote. Ilichukua muda, watu walivumilia. Mwishoni, sanduku lilipofunguliwa kuweka fedha, nikatoa ile diski ya zamani. Nilikuwa nimeizungushia kitambaa na kuifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mama mwenyekiti akaipima kwa kiganja, akauliza, "Hiki nacho ni nini, katibu?"

Nikamwambia, "Ni daftari la miaka sita, mama."

Akailaza chini ya vitabu vya hisa, na wale washika funguo watatu wakafunga kufuli zao.