Arobaini ya babu

Leo tumesoma hitima ya arobaini ya babu, kijijini kwetu Muheza. Ujanani alikuwa mkata mkonge. Mashamba makubwa yalipotaifishwa mwaka 1967 yeye alikuwa huko huko na panga lake, na makovu ya miiba alibaki nayo mikononi hadi siku tulipomwosha.

Baadaye akageukia michungwa. Kila mjukuu akizaliwa, babu alichimba shimo, akatia mche. "Huyu ndugu yako, usimwache na kiu." Wangu uko nyuma ya jiko, karibu na kisima. Baada ya dua nimeuendea. Umezaa mpaka matawi yanagusa chini, na fito alizoyaegemeza mwenyewe bado zimesimama. Nimekaa pale nikalia. Mwenyezi Mungu akurehemu, babu yangu.