Dubu wa kwanza nyama yake iliharibika: risasi ninayoitumia sasa hapa Maine

Jirani yangu ana mizani ndogo ya kupimia baruti, ile inayohesabu punje kwa punje. Asubuhi moja ya Septemba 2019 aliweka juu yake kipande cha shaba kilichokunjika kama ganda la karanga lililokanyagwa, akasubiri kitulie. Greni 118, karibu gramu 8. Jioni iliyotangulia kipande hicho kilikuwa risasi nzima ya greni 300, na mimi ndiye niliyeifyatua. Dubu mwenyewe alikuwa nje, amelazwa kwenye tela, na nyama yake ilikuwa imeshaharibika.

Ndugu na marafiki huniuliza mambo mawili kila wanapoona picha zangu za porini. La kwanza: kweli mgeni anaruhusiwa kumiliki bunduki Marekani? La pili: dubu si anahitaji bunduki ya tembo? La kwanza nitalijibu haraka, maana la pili ndilo lililonigharimu.

Ukiwa na kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, sheria ya shirikisho inakuruhusu kununua bunduki. Unajaza fomu dukani, jina lako linachunguzwa, basi. Ila jaza ukweli mtupu. Uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai, na kosa la bunduki linaweza kumrudisha mhamiaji kwao hata kama ana watoto waliozaliwa hapa. Baada ya hapo kuna mafunzo ya usalama, ambayo hapa jimbo la Maine ni lazima kwa mtu mzima anayechukua leseni ya kuwinda kwa mara ya kwanza, halafu leseni yenyewe, halafu kibali cha dubu juu yake. Na Jumapili hakuna kuwinda.

Mimi nilikuja mwaka 2016 kwa bahati nasibu ya viza, nikaangukia kaskazini mwa jimbo, upande wa mlima Katahdin, kwenye kiwanda cha kuchana mbao. Nimezaliwa Urambo, mkoa wa Tabora. Baba alikuwa na gobole: unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia kitambaa, unatia vipande vya nondo, unaweka fataki ya kuwashia baruti, unaomba Mungu. Alilitumia kwa nguruwe pori waliokuwa wanatumalizia mihogo. Chuma cha gobole hakitokei upande wa pili. Kinabaki ndani, nguruwe anakimbia nacho, na sisi watoto tunatumwa kufuata nyayo hadi jua linakaribia utosini. Kwa hiyo nilikua nikijua kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Kuchagua risasi sikujua, kwa sababu hapakuwa na cha kuchagua.

Nilichokuja nacho kichwani kilikuwa hesabu ya nyumbani: mnyama wa kuogopwa, bunduki kubwa. Tanzania mwindaji wa kitalii hapigi nyati kwa bunduki iliyo chini ya .375, yaani mtutu wa kama milimita 9.5, na sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona nyati kwa karibu. Nikamweka dubu kwenye kapu hilohilo. Nikanunua .45-70, mtutu wa zaidi ya milimita 11 na nusu, ya kukoki kwa wenzo, ule mkono wa chuma ulio chini ya kitako unaoushusha na kuupandisha. Muuzaji akanishauri nichukue risasi za greni 300 zenye tundu nchani, zilizojazwa baruti ya kutosha kwenda kasi. "Hizi zitamvunja," alisema. Nikalipa, nikashukuru.

Kwa asiyejua hizi namba: greni ni kizio cha uzito, na greni 7,000 zinafanya ratili moja. Greni 300 ni karibu gramu 19 na nusu. Na .45-70 ni mzee kweli, jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873. Hiyo 45 ni kipenyo kwa sehemu za mia za inchi, na 70 ni greni za baruti nyeusi ya wakati ule. Bunduki za enzi hizo bado zipo kwenye nyumba za watu, chuma chake dhaifu, ndiyo maana viwanda vingi hujaza risasi zake kwa upole. Zile kali ni kwa bunduki za kisasa tu. Ukirithi ya babu ya mtu, usiitie risasi kali hata moja. Inaweza kukupasukia usoni.

Sasa dubu mwenyewe. Dubu mweusi si nyati, na si yule dubu mkubwa wa kahawia wa Alaska. Hapa Maine jike huwa na kilo 45 hadi 180, dume kilo 115 hadi 270, na wanaofika huko juu si wengi. Ngozi yake si ngumu. Mifupa yake si ya kutisha. Kinachomfanya awe mgumu ni vitu viwili ambavyo mtu wa kwetu hawezi kuvifikiria: manyoya na mafuta. Kuanzia mwishoni mwa Agosti anakula mchana na usiku kujiandaa kulala miezi ya baridi, na mafuta yanajipanga chini ya ngozi kama godoro. Ukimtoboa tundu dogo, mafuta yanalifunga kama nta. Damu inayofanikiwa kutoka inanyonywa na manyoya. Unabaki na mnyama anayetoka damu kwa ndani, na ardhini huoni kitu.

Ndicho kilichonipata. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha juu ya mti, mita 55 kutoka kwenye pipa la chambo, lenye donati zilizolala na molasi. (Chambo kina ubishi mkubwa hapa. Wananchi walipiga kura kuamua kama kipigwe marufuku mwaka 2004 na tena 2014, na mara zote mbili kikabaki. Mimi nakikubali kwa sababu moja: kinakupa muda wa kumtazama mnyama hadi ageuke unavyotaka. Ndiyo maana anayejeruhi dubu kwenye chambo hana pa kujificha.) Robo saa kabla ya jua kuzama alitokea. Sikusikia hata jani. Alisimama kimshazari, ameelekea kwangu, bega la kushoto mbele. Nilitakiwa kusubiri. Nikalenga bega, nikafyatua.

Alizunguka mara moja, akaingia kwenye mierezi. Pale alipokuwa amesimama tulikuta fungu la manyoya na tone moja la damu, ukubwa wa punje ya mtama. Tone moja tu. Tulitafuta kwa tochi hadi saa nne usiku. Alfajiri akaja mtu mwenye mbwa wa kufuatilia damu, mbwa wa kamba, kazi ambayo Maine ina leseni yake, na mbwa akatupeleka moja kwa moja hadi kwenye kinamasi, kama mita 300. Usiku ule ulikuwa wa joto. Dubu ana koti la manyoya na godoro la mafuta. Joto la mwili halina pa kutokea. Tulipompasua tumbo, harufu ilitujibu.

Kwetu nyama haitupwi. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mfupa uliochemshwa jana unachemshwa tena leo. Kuifukia nyama ya mnyama mzima, niliyemuua mwenyewe, ni jambo ambalo sijalisema kwa Baba hadi leo.

Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, hakunigombeza. Alichukua kisu akanionyesha. Risasi ilikuwa imegonga kiungo cha bega, ikapasuka papo hapo. Vipande vya madini vilikuwa vimetapakaa kwenye nyama kama ufuta kwenye mkate. Pafu moja lilikuwa limechanika, la pili zima. Koti la shaba tulilikuta ndani ya mbavu, tupu, greni 118. Ile nyingine 182 ilikuwa imegeuka vumbi kabla ya kufanya kazi niliyoituma.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimenunua kipenyo, sikununua risasi. Risasi nyingi za kuwindia zina kiini laini kilichovikwa koti la shaba. Ikigonga, ncha inachanua kama uyoga, inapanua tundu. Swali ni inachanua upesi kiasi gani na inashikamana kwa nguvu gani. Yangu ilikuwa na koti jembamba na tundu pana nchani. Ikienda polepole ingefaa. Ikisukumwa kwa kasi, kwenye mfupa, inalipuka juujuu. Upande wa pili kuna kosa la kinyume: risasi ngumu ya kumiminwa, isiyochanua kabisa, iliyokusudiwa wanyama wenye mifupa mizito. Kwa dubu hiyo inapita kama msumari wa moto kwenye siagi. Ikiwa pana na bapa kwa mbele inafaa, ikiwa na ncha ya mviringo inaacha njia nyembamba mno.

Nilifarijika kusikia kwamba hata wakubwa limewakuta. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa anawinda kulungu mkubwa wa pembe bapa huko British Columbia, Kanada, mnyama aliyejipaka tope kavu ubavuni, na risasi zake za kasi zikawa zinapasuka juujuu bila kuingia. Alirudi nyumbani akachonga risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inachanua, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Kufika 1948 alikuwa anaziuza. Risasi za namna hiyo bado zinatengenezwa, na kuna nyingine ambazo kiini chake kimechomelewa na koti visiachane. Halafu kuna za shaba tupu.

Nilichagua hizo za shaba tupu. Sababu ya kwanza ni kwamba zinachanua petali nne au sita na karibu hazipotezi uzito. Ya pili ni wanangu. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, risasi, kwa kitu unachofyatua na kwa madini yenyewe, yale yanayoharibu ubongo wa mtoto, na mimi nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu yametapakaa kwenye bega kama ufuta. Mwaka 2008 huko North Dakota nyama ya kulungu iliyotolewa kwa wahitaji ilikutwa na vipande vya madini hayo, wakaambiwa waitupe. Nyama ninayoleta mezani kwangu sitaki iwe na swali hilo.

Uzito sikuubadilisha. Greni 300 zilezile, bunduki ileile, kasi ya karibu mita 580 kwa sekunde. Ncha ni bapa, na hilo si urembo: kwenye bunduki ya wenzo risasi zimejipanga kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha kali ya chuma ndani ya bomba hilo ni hatari. Siku hizi zipo za ncha kali ya plastiki laini zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, ila mimi sizihitaji, sipigi mbali. Jirani yangu bado anashikilia za greni 405, za polepole, koti nene, anazozijaza mwenyewe mezani jikoni. Kwa mita 200 zinaporomoka zaidi ya futi moja, lakini tangu lini chambo kikawa mita 200? Kwa mita 60 yake ni nzuri sawa na yangu.

Na niseme lingine kwa anayetaka kuanza. Dubu mweusi hahitaji .45. Risasi ya .308 au .30-06, za mtutu mwembamba zaidi, greni 180, iliyojengwa vizuri, ikipita mapafu yote mawili, inatosha kabisa. Mimi nimebaki na kubwa kwa sababu msitu wetu ni mnene, sipigi zaidi ya mita 80, na tundu pana halizibwi na mafuta kirahisi. Lakini bunduki hii ina teke. Kama inakufanya ufumbe macho kabla ya kufyatua, iuze, chukua ndogo. Nimetumia majira mawili ya joto nikipiga karatasi kabla sijaridhika na mkono wangu.

Septemba 2021, kiti kilekile. Alikuja dume, kifua kikubwa kuliko pipa. Alikaa pale dakika kumi na moja, mara kichwa ndani ya pipa, mara mgongo kwangu, na mimi nimeshikilia pumzi. Kisha akageuka ubavu, akapeleka mguu wa mbele mbele, na nyuma ya kiwiko pakawa wazi. Nikafyatua. Alikimbia hatua arobaini. Nikasikia mguno mrefu wa dubu anayekata roho, sauti ambayo mwaka ule wa kwanza sikuisikia. Njia ya damu ilikuwa pana kama mkanda, pande zote mbili za majani. Kufika saa tatu usiku alikuwa ameshachunwa na ametiwa barafu.

Kwenye kituo cha kuandikisha wanyama waliowindwa waling'oa jino moja dogo, wakalitia kwenye bahasha. Wanasayansi wa jimbo hulikata kusoma umri wake. Nyumbani tulipika mapaja taratibu, kwa vitunguu na tangawizi, kwa kipimajoto, hadi nyuzi 71 katikati, kwa sababu nyama ya dubu ina minyoo ambayo si kila mmoja hufa kwa baridi ya friza. Majirani zangu Wasomali hawaigusi, ni mnyama mwenye meno ya kuwindia, na hilo tunaheshimiana. Familia ya Kirundi iliyo ghorofa ya chini ilimaliza sufuria.

Nilimpigia Baba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja: "Ilitokea?"

"Ilitokea, Baba. Upande wa pili tundu linaingia vidole viwili."

Akanyamaza kidogo. Akaomba nimtumie picha ya risasi yenyewe, aione. Sikuwa nayo. Ilipita, ikazama kwenye udongo wa kinamasi mahali fulani nyuma ya pipa.