Mstari wa Nywele

Februari 2010 nilikuwa na miezi mitano tu London, nikijifunza kazi kwenye saluni ya mama mdogo, kaskazini mwa jiji. Nilidhani ningeanza na kusuka. Nikapewa kichwa cha wigi na sindano yenye ndoano, nifunge nywele mojamoja kwenye leisi. Wateja wengi wa wigi hizo walikuwa wamepoteza nywele kwa matibabu ya saratani, na mama mdogo hakuwa na mchezo: mstari wa paji la uso ukionekana, unafumua, unaanza upya. Niliichukia kazi ile.

Jumamosi moja baada ya kufunga, baridi imekaza, akanipeleka sinema kuona The Wolfman, filamu mpya ya mtu anayegeuka mbwamwitu. Ile ya zamani, ya mwaka 1941, aliwahi kuiona kwenye televisheni na haikumtoka. Sisi ni watu wa Singida. Mtu na mnyama kwetu si hadithi ya kuchekea. Bibi alitusimulia simba-watu, wauaji waliovaa ngozi za simba, na alisimulia kwa sauti ya chini.

Filamu ni ya Uingereza ya 1891. Lawrence Talbot, yaani Benicio del Toro, mwigizaji wa jukwaani, anarudi kwa baba yake baada ya kaka yake kuuawa. Anang'atwa, na mwezi mpevu ukichomoza, naye anageuka. Mifupa ilipoanza kuvunjika na vidole kurefuka, ukumbi mzima ulipiga kelele. Mimi wala. Ilikuwa kazi ya kompyuta, na jicho liliijua.

Lakini akishageuka, kamera ikimsogelea, unaona uso uliotengenezwa kwa mikono. Nywele zilikuwa chache chini ya macho, zikazidi kuelekea taya, zikalala upande mmoja kama manyoya ya mnyama aliyenyeshewa. Na katikati yake yale macho, ya mtu yuleyule, yamechoka. Nikasahau kuogopa. Nikawa natafuta mahali nywele zinapoanzia.

"Mwanangu, mstari umeuona?" mama mdogo akaninong'oneza.

"Sijauona, mama."

"Basi."

Mwaka uliofuata Rick Baker na Dave Elsey walipata Oscar kwa kazi ile. Sikushangaa hata kidogo.

Kituoni, tukingoja basi, akanisimulia ile ya kwanza. Fundi wake alikuwa Jack Pierce, akimbandika Lon Chaney Jr. manyoya ya yaki, wale ng'ombe wa milima ya Asia, kidogokidogo kwa gundi. Anapogeuka mara ya kwanza unaonyeshwa miguu tu. Uso unauona ukibadilika mwishoni, akiwa ameshakufa: manyoya yanafifia, sura ya mtu inarudi, na baba aliyempiga kwa fimbo yenye kichwa cha fedha amesimama palepale, ndiyo kwanza anajua kwamba amemuua mwanawe.

"Hapo nililia," alisema.

Nilipokuja kuitazama mwenyewe, nilimwelewa. Ile mpya imemfanya baba, Anthony Hopkins, kuwa naye ni mnyama, tena anayefurahia unyama wake, na mimi naamini hapo walipoteza kitu kikubwa. Baba mwovu unamchukia, yanakwisha. Yule aliyekuwa anawalinda watu, akainua fimbo bila kujua anampiga nani, huyo hakutoki.

Jumatatu nilifika saluni mapema. Kulikuwa na wigi niliyoimaliza Ijumaa, ya mama mmoja aliyekuwa aje kuichukua mchana. Nikaipeleka dirishani, nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Juu ya sikio la kushoto, upana wa kidole, mstari ulionekana. Ijumaa ile mama mdogo alikuwa ameipitisha. Nikawasha taa ya mezani, nikachukua mkasi mdogo, nikaanza kufumua.