Siku moja maishani mwangu: mimi, bibi na daftari la majina

Saa 11:00 alfajiri

Bibi ameshaamka. Namsikia ukutani: sauti ya chini, kimya kidogo, kisha sauti tena. Ana miaka 91, na tangu nihamie hapa sijamtangulia kuamka hata siku moja. Nabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umelala?"

Mimi ndiye niliyekuja kumjulia hali, lakini yeye huwahi kuuliza.

Kumtunza bibi ndiyo kazi yangu. Nilikuwa muuguzi wodini kwa miaka sita. Mwaka jana wanawe na wajukuu walikaa kikao, wakakubaliana kuchanga kila mwezi ili mmoja wetu akae naye na alipwe. Nilijitolea mwenyewe, na sijajuta.

Kabla hajasimama, namkalisha ukingoni mwa kitanda dakika mbili tatu, nyayo zikiwa sakafuni. Mzee akiinuka ghafla presha hushuka, kizunguzungu kikamkamata, akaanguka. Bibi alianguka hapa hapa mwaka jana. Wala hakuwa akienda chooni. Alikuwa akishuka gizani kupiga magoti, akavunjika kifundo cha mkono.

Ukiyaona magoti yake utaelewa. Ngozi imekuwa nyeusi na nene kama ya kisigino, imemeta kidogo, na ukiigusa ni ngumu. Hayo ni magoti ya mtu aliyeomba hivyo asubuhi na usiku tangu alipokuwa msichana. Nilipomkataza kupiga magoti alinyamaza siku mbili nzima. Aliona kuomba amekaa ni kumkosea Mungu adabu. Sikuwa na jibu. Uuguzi haukunifundisha hilo. Mchungaji ndiye aliyemfungulia Samweli wa Pili, sura ya 7, Mfalme Daudi alipoingia, akaketi mbele za Bwana, akaomba. Bibi aliomba asomewe mstari huo mara tatu. Kisha akasema, "Kama Daudi alikaa, basi nami nitakaa." Sasa anaomba kitini, mikono juu ya magoti yake.

Saa 12:30 asubuhi

Baada ya kuoga na kifungua kinywa, Zaburi.

Bibi hawezi tena kusoma. Macho yamechakaa sehemu ya katikati, kwa hiyo akikutazama usoni hakuoni. Anaona pembeni tu. Ndiyo sababu hugeuza kichwa anapozungumza nawe, na wageni hudhani amewapuuza. Biblia yake yenye maandishi makubwa naishika mimi. Yeye anakariri, nami nafuatilia kwa kidole kama mwalimu, ingawa mwanafunzi wazi ni mimi.

Anapenda Zaburi ya 119, ile ndefu kuliko zote, yenye mistari 176. Imegawanyika mafungu 22 ya mistari minane minane, fungu moja kwa kila herufi ya Kiebrania, na katika lugha hiyo mistari yote minane ya fungu huanza kwa herufi ile ile. Ilipangwa vizuri kwa mtu anayetaka kuishika kichwani. Bibi huchukua fungu moja kwa siku, akimaliza siku ya 22 anarudi mwanzo. Leo tumefika fungu la 16, mstari wa 121 hadi wa 128. Herufi yake ni ayin, na jina hilo kwa Kiebrania maana yake ni jicho. Katika fungu hilo mwombaji anasema macho yake yamefifia kwa kuungojea wokovu.

Nilimweleza jambo hilo la herufi kwa mara ya kwanza leo. Alikaa kimya kwa muda, kidole kikipapasa jalada la Biblia.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

Sikumuuliza ni nani aliyejua. Tuliendelea na mstari wa 124.

Mjomba wangu mmoja hudhani namchosha mzee kwa kukariri. Simkubalii. Kuna utafiti maarufu wa masista wa Kikatoliki wa Marekani, ulioanzishwa na David Snowdon mwaka 1986 na kuhusisha masista 678. Mmoja wao alifariki akiwa na miaka 101, na hadi karibu na mwisho alifanya vizuri katika vipimo vya akili. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umejaa dalili za ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Sisemi kwamba sala ni kinga, na utafiti wenyewe haukusema hivyo. Ninachojua ni kwamba bibi akimaliza mistari yake minane sauti yake inakuwa na nguvu kuliko alipoanza, na hilo linanitosha kumwacha akariri.

Saa 2:00 asubuhi

Presha, baada ya kutulia dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo. Dawa. Nakagua visigino na nyonga kama kuna wekundu usiofifia, dalili ya vidonda vya kulala. Hakuna. Glasi ya maji, maana kiu hupungua uzeeni na mwili unaweza kukauka bila mwenyewe kuhisi.

Saa 3:30 asubuhi

Hapa ndipo kazi yake inapoanza, na naomba msomaji aichukue kama kazi kweli.

Bibi ana daftari. Lina jalada gumu, kona zimelika, mgongo umeshikwa na gundi mara nyingi. Kila siku ya juma ina kurasa zake, na kila ukurasa una majina: watoto, wakwe, wajukuu, vitukuu, wanakwaya wenzake, wagonjwa, wafungwa, watu ambao amenisimulia na wengine ambao hajanisimulia. Mwandiko wa mwanzo ni wake, mwembamba, umeinama kulia. Baadaye unakuwa mkubwa, unapanda na kushuka mstari. Kurasa za mwisho ni mwandiko wangu.

Mtu akifariki hafutwi. Nilipofika nilitaka kuwapigia mstari waliotangulia, nikidhani nasafisha. Bibi alinishika mkono. "Hao nawashukuru," akasema. "Hawa wengine nawaombea. Wote wabaki." Kwa hiyo kila jina la marehemu lina nukta ndogo pembeni. Akilisikia anasema "asante" tu, tunasonga.

Nasoma jina, anarudia, anaomba kwa sauti isiyosikika. Majina mengine yanachukua sekunde chache, mengine dakika nzima. Kwa mtoto wa binamu yangu aliyeacha shule alichukua dakika sita. Nimejifunza kutokohoa, kutotazama simu. Kila mara huniuliza habari mpya: "Amepata kazi?" "Mguu umepona?" Hukumbuka mguu wa mtu wa miaka mitatu iliyopita, ingawa Jumanne aliniita kwa jina la mama yangu.

Ukurasa wa Alhamisi una majina 31. La mwisho ni la mtu ambaye hakuna yeyote katika ukoo anayemfahamu. Nimewauliza wote. Nilipomuuliza bibi mwenyewe alijibu neno moja: "Alinikosea." Limeandikwa kwa mwandiko wake wa zamani, ule mwembamba.

Leo tulikuwa tumefika jina la 30 simu ilipoita. Ni dada yangu: amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima. Bibi alilia kwa furaha, nami nikalia. Aliniagiza nilete Biblia, kwa sababu kurasa za mbele ndimo walimoandikwa wote waliozaliwa katika ukoo huu. Alitaka kuandika mwenyewe. Nililaza rula chini ya mstari, nikamwekea ncha ya kalamu pale pa kuanzia, akageuza kichwa pembeni ili auone ukurasa. Herufi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya tatu ilipanda juu ya rula. Ilimchukua kama robo saa, na jina linasomeka.

Saa 6:30 mchana

Chakula laini, kidogo kidogo, akiwa ameketi wima, na abaki wima nusu saa baada ya kumaliza ili kisirudi wala kumpalia. Kisha usingizi. Mimi nafua.

Saa 8:00 mchana

Simu za familia. Nimewaeleza wote mara nyingi: msimpigie kelele. Sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s na f, kwa hiyo kelele huongeza mvumo bila kuongeza maana. Zungumza polepole, kwa sauti nzito.

Leo bibi alikuwa na jambo. Wajomba zangu wawili hawajasemezana tangu mwaka ulipoanza. Alimpigia mkubwa kwanza. Sikumsikia akiuliza nani alianza. Alimwambia tu: "Mwambie mdogo wako nataka kujua anakuja lini, kisha unijibu wewe." Akampigia mdogo: "Kaka yako atakupigia. Mjibu vizuri, mwanangu." Akakata simu.

Kabla ya saa 10 mjomba mkubwa alipiga. Wanakuja Jumapili, kwa gari moja. Bibi alisema "haya" na kuomba maji. Ameishika familia hii kwa namna hiyo tangu babu alipofariki, na nadhani wengi wetu hatujui ni mara ngapi tumeshikwa.

Saa 11:00 jioni

Mchungaji amekuja na meza ya Bwana, pamoja na mama mmoja wa kwaya.

Hapa nina la moyoni. Bibi hajaingia kanisani kwa miezi mitano. Mlangoni kuna ngazi saba, hakuna reli ya kushika wala njia ya kiti cha magurudumu. Vijana walijitolea kumbeba na kiti chake. Alikubali mara moja, akarudi nyumbani amenyong'onyea, akasema hatabebwa tena mbele ya watu. Nimeomba reli mara tatu, na kila mara naambiwa itazungumzwa. Wanawake waliolifagia jengo lile tangu ujana wao sasa wanasikiliza ibada kwenye simu. Inaniuma. Anapenda sana habari za Ana binti Fanueli katika Luka sura ya 2, mjane mzee ambaye hakuondoka hekaluni usiku na mchana. Zamani alinisomea yeye. Siku hizi nikifika hapo, hufumba macho.

Mchungaji anajitahidi, sina neno naye. Alituambia leo kwamba kumpelekea ushirika asiyeweza kufika ni jambo la kale: Justino Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza jinsi mashemasi walivyowapelekea wale ambao hawakuwepo. Bibi alivaa gauni la Jumapili kwa dakika hizo 20. Alitaka vifungo vyote vifungwe, hata cha shingoni. Aliposhika kikombe mkono ulitetemeka, mama wa kwaya akamshika kiwiko, wala halikumwagika tone.

Kabla ya kuondoka yule mama alianzisha wimbo. Bibi alisikiliza ubeti wa kwanza, kisha akaingia kwa alto. Noti kwa noti, pumzi mahali pake. Ni mtu yule yule ambaye Jumanne alilipoteza jina langu.

Saa 1:00 usiku

Giza likiingia huwa na wasiwasi, huuliza kama watoto wote wamerudi. Nawasha taa mapema na kufunga mapazia. Namtajia watoto mmoja mmoja, mkubwa hadi mdogo, na kila mmoja yuko wapi. Nikifika wa mwisho anashusha mabega.

Saa 3:00 usiku

Mafuta miguuni, mto chini ya vigimbi vya miguu ili visigino visiguse godoro, kengele karibu na mkono. Sala fupi. Naandika ripoti ya siku kwa familia: presha, chakula, choo, mtoto amezaliwa.

Saa 8:10 usiku

Kengele. Nimekimbia bila viatu.

Ameketi kitandani, macho wazi. Hana maumivu, hataki maji wala choo. Nimepapasa paji la uso, halina joto.

"Tulimruka mtu," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Simu ya asubuhi, mtoto, rula. Nikaleta daftari, nikalifungua kwenye ukurasa wa Alhamisi, nikasoma jina la 31.

Alilirudia. Akaweka mikono juu ya magoti. Nilikaa pembeni yake kitandani nikingoja, na alichukua muda mrefu kuliko jina lolote la siku nzima. Alipomaliza alilala mwenyewe, akavuta shuka hadi kidevuni.

"Zima taa, mwanangu."

Nikazima.