Moto upo, lakini kiasi gani?

Jioni ya leo adapta ya ruta ilikuwa mezani, imekufa. Imeandikwa volti 12, ampea 1. Kijana mmoja kati ya hawa wapya wanaojifunza ufundi kwangu akafukua boksi la makorokoro, akatoka na nyingine ya volti 12, ampea 2, halafu akasita. "Fundi, hii moto wake mwingi, itaunguza." Mwenzake wala hana wasiwasi, keshashika chaja ya laptopu ya volti 19: "Hii hapa, plagi yake inaingia vizuri!"

Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Mteja akiniambia simu yake haiingizi moto, namwelewa, sina neno naye. Ila anayejifunza kazi akienda na "moto" huohuo mpaka kwenye mita, atachanganya kinachosukuma, yaani volti, na kinachopita, yaani ampea. Ruta itavuta ampea inazohitaji tu, hata adapta iwe na uwezo wa ampea 5. Volti 19 haina namna ya kuzikataa.

Nikawapa betri ya volti 9, taa nyekundu ya LED na rezista, kifaa cha kubana mkondo, ya omu 330. Volti walipima kwa kugusisha ncha za mita huku na huku kwenye rezista: 7 hivi. Ampea ikabidi wakate njia, mita ikae katikati, mkondo wote upite ndani yake: miliampea 21. Dogo mmoja, waya mwekundu ukiwa bado kwenye tundu la ampea, akataka kugusisha ncha kwenye betri moja kwa moja. Nikamdaka mkono. Fyuzi za mita zinauzwa, hazigawiwi.

Kwenye majina ya vifaa sina ugomvi. Anayesema kondensa na anayesema kapasita wananiletea kitu kilekile kutoka kwenye droo.

"Shoti" ndiyo inayonichosha. Kila kilichogoma kimepiga shoti! Basi tukaifungua ile adapta mbovu. Mita tuliiweka kwenye mlio, hulia njia ikiwa nzima. Fyuzi, mita kimya: njia imekatika. Tukasogea kwenye dayodi nne za mwanzo, ambazo kawaida hupitisha mkondo upande mmoja tu; moja ikalia pande zote mbili, hata tulipoitoa kwenye bodi. Hiyo sasa ndiyo shoti, mkondo kupita pasipotakiwa, na ndiyo iliyokata fyuzi. Ungebadilisha fyuzi peke yake, ingekatika tena ukichomeka tu.

Ruta tuliiwasha kwa ile ya ampea 2, baada ya kuhakikisha chanya iko katikati ya plagi kama ya mwanzo.

Kesho ni zamu ya ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kwa sababu ya redio za magari, ambako mweusi huenda kwenye bodi ya gari, vijana hawa kila waya mweusi wanauita ethi. Kwenye nyumba nyingi za zamani mweusi ni nyutro, njia ya umeme kurudi, ethi ni kijani, na soketi ina volti 230. Hakuna atakayeshika bisibisi kabla hatujalimaliza hilo.